Kingamwili ya polikloni katika joto la Dar: kuipokea, kuihifadhi na kuitumia kwenye westani bloti

Kichupa chenyewe ni kidogo kuliko kidole gumba. Ndani yake mna maikrolita 100 za kimiminika kisicho na rangi chenye kingamwili, yaani protini za kinga zinazonasa kitu maalumu, na bei yake ni mamia ya dola za Kimarekani kabla hujalipia usafiri na gharama za kukitoa uwanja wa ndege. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anaweza kuwa na bajeti ya kichupa kimoja tu kwa utafiti wake mzima. Katika miaka niliyofanya kazi kwenye maabara za protini hapa Dar es Salaam nimesikia mara nyingi kingamwili ikihukumiwa: "Imekuja mbovu", "Imekufa njiani". Nyingi kati ya hizo zilifika nzima. Ziliharibikia mikononi mwetu, polepole, kwa kuyeyushwa na kugandishwa tena na tena, kwa tipu ya pipeti iliyotumika mara mbili, kwa friza iliyozimika usiku bila mtu kujua.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kabla ya jaribio. Nitaeleza pia jinsi ya kuitumia kwenye westani bloti, yaani kuitafuta protini moja kati ya maelfu zilizotenganishwa kwenye jeli. Anayefanya ELISA (kupima protini kwa kingamwili kwenye sahani yenye visima) au kupaka rangi tishu atanufaika na sehemu ya uhifadhi moja kwa moja. Vipimo vya kuzimua tu ndivyo vitakavyotofautiana.

Jua ulichonunua

Sungura, mbuzi au kondoo huchomwa sindano ya antijeni, yaani protini unayoitafuta au kipande chake, mara kadhaa kwa muda wa wiki nyingi. Mwili wake hujibu kwa chembe nyeupe za damu za aina ya B, na hazijibu kwa ukoo mmoja. Koo nyingi huamka, na kila ukoo, ambao wanasayansi huuita kloni, hutoa kingamwili yake inayoshika sehemu yake ya antijeni. Ukichukua seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, ya mnyama huyo unazipata zote zikiwa zimechanganyika. Hiyo ndiyo polikloni. Monokloni ni ukoo mmoja tu unaokuzwa maabara, kwa njia ambayo Georges Köhler na César Milstein waliichapisha mwaka 1975.

Kutokana na mchanganyiko huo yanafuata mambo mawili ambayo utaishi nayo. La kwanza ni zuri: kwa kuwa protini yako inashikwa sehemu nyingi kwa wakati mmoja, ishara huwa na nguvu, na hata protini ikiwa imekunjuliwa kwa joto na sabuni bado kuna sehemu zitakazotambuliwa. La pili linahitaji uangalifu. Ndani ya kundi hilo wamo wanaoshika protini nyingine zinazofanana na yako, na kundi lenyewe lina mwisho. Sungura yule akishakufa, seramu yake haitapatikana tena. Kichupa chenye jina lile lile lakini namba nyingine ya toleo kinaweza kuwa kimetoka kwa mnyama mwingine kabisa.

Kabla ya kuagiza, isome karatasi ya maelezo ya kingamwili na uandike kwenye daftari: imetoka kwa mnyama gani, ilitengenezwa dhidi ya protini nzima au kipande kipi, imejaribiwa kwenye sampuli za viumbe gani, ina miligramu ngapi kwa mililita, na imewekwa ndani ya kimiminika gani. Mnyama ni muhimu kwa sababu kingamwili ya pili, yaani ile inayoishika ya kwanza na kubeba kitakachotoa mwanga, lazima ilenge mnyama huyo huyo. Kama ya kwanza ni ya sungura, ya pili iwe dhidi ya sungura, kwa kawaida ikiwa imetengenezwa kwa mbuzi. Kimiminika ni muhimu kwa sababu ndicho kinachoamua jinsi ya kuhifadhi. Angalia pia kama ulichonacho ni seramu nzima, ambayo ina kingamwili zote za sungura pamoja na zile zisizokuhusu, au imesafishwa kwa kupitishwa kwenye antijeni yenyewe ili zibaki zinazoishika tu. Hii ya pili ni ghali zaidi. Kwa sampuli zenye protini nyingi zinazofanana ningelipa tofauti hiyo bila kusita.

Jambo moja linawachanganya wanafunzi wetu kwa sababu mji huu una maabara nyingi za malaria. Herufi HRP kwenye kichupa cha kingamwili ya pili ni kimeng'enya cha peroksidesi kinachotoka kwenye mmea, ambacho ndicho kitakachotoa mwanga mwishoni mwa jaribio. Hazihusiani kabisa na HRP2, protini ya vimelea vya Plasmodium falciparum inayotafutwa na vipimo vya haraka vya malaria.

Siku ya kupokea

Mwombe muuzaji atume mzigo mwanzoni mwa wiki, na uangalie kalenda ya sikukuu za hapa kwetu. Mzigo unaotua Uwanja wa Julius Nyerere Ijumaa jioni kabla ya Idd unaweza kukaa ghalani hadi barafu yote iwe maji. Nyaraka za kuutoa ziwe tayari kabla ndege haijaruka. Anayekwenda kuuchukua aende na deli lenye barafu za pakiti, maana kutoka uwanjani hadi Upanga au Mlimani foleni inaweza kukuweka njiani saa mbili, na buti la gari mchana wa Februari si mahali pa kuweka protini.

Ukifungua sanduku ukakuta barafu imeyeyuka, usikitupe kichupa na usimwandikie muuzaji kwa hasira. Kingamwili za aina ya IgG ni imara kuliko tunavyodhani. Siku chache za joto la kawaida mara nyingi hazizidhuru, na kampuni nyingi huzisafirisha bila barafu kabisa. Piga picha sanduku, andika hali uliyoikuta, hifadhi kichupa ipasavyo, kisha ukijaribu mapema iwezekanavyo. Bloti ndiyo itakayokupa jibu, na ukiwa na picha yake mkononi hata malalamiko yako yatasikilizwa.

Kama imekuja ikiwa unga mkavu, iache ifikie joto la chumba ikiwa imefungwa. Hewa yetu ina unyevu mwingi. Ukifungua kichupa kikiwa cha baridi, umande utaingia ndani kabla hata hujashika pipeti. Kizungushe kidogo kwenye sentrifuji ili unga ushuke chini, ongeza kiasi cha maji au bafa (myeyusho unaotuliza pH) kilichoandikwa, kiache dakika chache na ukigeuze geuze taratibu. Usikitikise kwa nguvu. Povu kwenye myeyusho wa protini ni dalili kwamba sehemu ya protini hiyo inakunjuka.

Kugawa: nusu saa inayookoa mwaka

Hapa ndipo ninapowasisitizia watu mpaka wananichoka. Kingamwili isiyo na gliseroli, kimiminika kizito kinachozuia kuganda, ikigandishwa na kuyeyushwa mara nyingi, molekuli zake hushikamana na kuwa vibonge. Vibonge havifanyi kazi, na vibaya zaidi, hunasa kwenye utando (karatasi nyembamba ambayo protini huhamishiwa kutoka kwenye jeli) na kukuletea madoa meusi. Dawa yake ni kuigawa siku ile ile inapofika, ili kila tyubu iyeyushwe mara moja tu.

Anza kwa kuzungusha kichupa kwenye sentrifuji kwa sekunde 10 hivi, maana matone hukwama kwenye kifuniko na kila tone lina thamani. Kiweke juu ya barafu. Andaa tyubu safi zisizonatisha protini, ambazo tayari umeziandika. Kisha piga hesabu kulingana na matumizi yako. Ukizimua mara 1,000 ndani ya mililita 10 za bafa, bloti moja itakula maikrolita 10. Basi weka maikrolita 10 kila tyubu, tyubu moja kwa bloti moja, na kichupa cha maikrolita 100 kitakupa tyubu tisa au kumi. Ukitumia trei ndogo yenye mililita 5, maikrolita 5 zinatosha na tyubu hiyo hiyo itakupa bloti mbili: ikishayeyuka, ibaki kwenye friji nyuzi 4 na uimalize ndani ya wiki moja au mbili badala ya kuirudisha kwenye friza. Usigawe chini ya maikrolita 10. Kiasi kidogo mno hukauka kwa mvuke na hunata kwenye kuta za tyubu, ukarudi baada ya miezi sita ukute utupu.

Tumia tipu mpya kila mara unapoingia kwenye kichupa mama. Najua tipu zinaisha na kuagiza ni kazi. Lakini tipu moja iliyogusa mahali pengine inaweza kupanda bakteria kwenye dola mia nne.

Kama lebo inasema kuna gliseroli asilimia 50, mambo ni mepesi zaidi. Mchanganyiko huo haugandi kwenye nyuzi -20, kwa hiyo unaweza kuchota bila kuyeyusha chochote. Bado igawe kwenye tyubu mbili au tatu, ili moja ikichafuka usipoteze zote. Usiipeleke kwenye friza ya nyuzi -80 ukidhani baridi zaidi ni usalama zaidi: huko itaganda, na faida ya gliseroli itakuwa imepotea. Gliseroli ni nzito, basi nyonya polepole, futa nje ya tipu kwenye ukingo wa tyubu, na ukiiachia kwenye bafa ichanganye vizuri kwa sababu huzama chini na kutulia hapo.

Kama haina gliseroli, waweza kuongeza mwenyewe, ujazo sawa kwa sawa, gliseroli safi iliyouliwa vijidudu. Binafsi hufanya hivyo kwa karibu kila kingamwili ninayoinunua, kwa sababu nitakazozieleza kwenye habari ya umeme. Kumbuka tu kwamba umeipunguza nguvu kwa nusu: palipoandikwa 1:1,000 sasa ni 1:500, na lazima liandikwe kwenye lebo. Usiongeze kwa kingamwili ambayo karatasi yake inakataza.

Kingamwili zilizofungwa kimeng'enya au rangi inayong'aa zina sheria yake. Nyingi hazitaki kugandishwa kabisa. Mahali pake ni nyuzi 4, na zile za rangi zifunikwe kwa karatasi ya alumini zisione mwanga.

Kwenye lebo andika jina la protini, mnyama, namba ya toleo, kiwango cha miligramu kwa mililita, tarehe na herufi za jina lako. Tumia kalamu isiyofutika kwa spiriti. Tyubu ikitoka kwenye friza Dar es Salaam hutoa jasho ndani ya nusu dakika, na wino wa kawaida unaondoka nalo kwenye glovu. Nimewahi kurithi kasha lenye tyubu kumi na nne nyeupe, zote zimefutika. Tulizitupa.

Friza na umeme

Friza nyingi za kisasa za majumbani hujiyeyusha barafu zenyewe: hupasha kuta zake joto kila baada ya muda ili barafu isijenge. Kwa samaki haina shida. Kwa kingamwili isiyo na gliseroli ni kuigandisha na kuiyeyusha bila wewe kujua. Friza la zamani linalojenga barafu, ambalo unaliyeyusha mwenyewe mara mbili tatu kwa mwaka, ni bora zaidi. Siku ya kuliyeyusha hamishia kila kitu kwenye deli. Ukiwa huna budi kutumia friza la kisasa, weka kasha lako katikati, nyuma kabisa, ndani ya boksi la povu lenye pakiti za barafu, kamwe si kwenye mlango.

Umeme utakatika. Panga ukijua hivyo. Jaza nafasi zilizobaki za friza kwa chupa za maji. Friza iliyojaa hukaa na baridi muda mrefu zaidi kuliko tupu. Chukua kikombe cha maji, kigandishe, kisha weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu na uache humo. Kila Jumatatu itazame. Ikiwa bado juu, sawa. Ikiwa imezama katikati au chini, friza iliyeyuka na kuganda tena ulipokuwa nyumbani.

Nilijifunza umuhimu wa sarafu hiyo baada ya hasara. Katika maabara moja niliyokuwa nafanya kazi, jenereta lilihudumia ofisi na taa, na soketi ya friza haikuwa kwenye laini hiyo. Umeme ulikuwa ukikatika Ijumaa usiku na kurudi kabla ya Jumatatu, nasi tukifika asubuhi tunakuta kila kitu kimeganda vizuri. Bloti za mwanafunzi mmoja zilianza kufifia wiki baada ya wiki. Alibadilisha bafa, alibadilisha jeli, akalia mbele yangu akidhani mikono yake ndiyo mibovu. Tulipoweka kikombe na sarafu, wiki ya tatu sarafu ilikuwa chini. Tyubu zake hazikuwa na gliseroli. Zile za jirani yake zenye gliseroli, kwenye kasha hilo hilo, zilikuwa zikifanya kazi bila tatizo. Nilipaswa kulikagua friza kabla ya kumwacha arudie miezi miwili ya kazi, na mpaka leo najuta.

Azidi

Kichupa chako huenda kina sodiamu azidi, kwa kawaida asilimia 0.02 hadi 0.05, inayozuia bakteria na ukungu. Ni mlinzi mzuri mwenye masharti. Huua kazi ya HRP, basi usiiweke kamwe kwenye kingamwili ya pili yenye HRP wala kwenye bafa ya kusuuzia. Kiasi kilichomo kwenye kingamwili ya kwanza, ukishaizimua mara 1,000 na kusuuza vizuri, hakina madhara.

Kwa binadamu ni sumu. Vaa glovu. Usiichanganye na asidi, maana hutoa gesi ya sumu, na usiimwage kwenye sinki: ikikutana na mabomba ya risasi au shaba inaweza kutengeneza chumvi zinazolipuka. Kusanya mabaki kwenye chombo chenye lebo na uyakabidhi kwa utaratibu wa taka za kemikali wa taasisi yako. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayosimamia kemikali nchini. Msimamizi wako wa maabara anapaswa kuwa na taratibu zake ukutani.

Sampuli, jeli na uhamishaji

Haya nitayapita haraka kwa sababu yanafundishwa vizuri vyuoni. Vunja seli juu ya barafu ukiwa na dawa za kuzuia vimeng'enya vinavyokula protini; hapa kwetu, sampuli iliyosahaulika mezani dakika kumi huonekana kwenye picha. Pima protini, chemsha kwenye bafa ya Laemmli, yenye sabuni inayokunjua protini, nyuzi 95 kwa dakika 5, kisha weka maikrogramu 20 hadi 30 kila kisima cha jeli. Jeli ya asilimia 10 au 12 inafaa kwa protini nyingi za ukubwa wa kati. Jeli hushika haraka zaidi chumba kikiwa na joto, basi mimina bila kuzubaa.

Unapohamisha protini kutoka kwenye jeli kwenda kwenye utando, kifaa hupata joto. Bafa iwe imepozwa tangu usiku na uweke pakiti ya barafu ndani ya tangi. Volti 100 kwa saa moja hadi saa moja na nusu zinatosha. Utando wa PVDF, aina ya plastiki, uloweshwe kwanza kwenye methanoli kwa nusu dakika. Baada ya hapo paka rangi ya Ponceau S. Usiruke hatua hii. Inakuonyesha kwa macho, kabla hujatumia hata tone la kingamwili, kama protini zimehama na kama kila njia imepata kiasi sawa. Rangi huoshwa na kutoka.

"Joto la chumba" si joto la chumba chetu

Maelekezo mengi yameandikwa na watu ambao chumba chao kina nyuzi 20 hadi 25. Kiyoyozi kikizimwa, chumba chetu kati ya Desemba na Machi kinavuka nyuzi 30. Panapoandikwa "saa moja kwa joto la chumba", tafuta nyuzi 22 hadi 25 kwa kiyoyozi na kipimajoto cha ukutani, au fanya kazi yote nyuzi 4 kwa muda mrefu zaidi. Maziwa ya kuzibia utando, ili kingamwili zisinate ovyo, yakiachwa usiku kucha mezani yatachacha, na utando utanuka kabla haujakuonyesha chochote.

Tumia maji yaliyokenekwa kwa kila bafa. Visima vingi vya jiji hili vina chumvi, na maji ya bomba hubadilika siku hadi siku.

Kwa lita moja ya TBST, bafa ya kusuuzia na kuzimulia, pima gramu 2.42 za Tris na gramu 8.8 za chumvi ya maabara, yeyusha, shusha pH hadi 7.6 kwa asidi ya hidrokloriki, ongeza mililita 1 ya Tween-20, sabuni laini, na ujaze maji. Angalizo la joto liko hapa pia: pH ya Tris hushuka kwa karibu 0.03 kwa kila digrii inayopanda. Ukiiweka 7.6 chumba kikiwa nyuzi 31 kisha ukaitumia kwenye friji ya nyuzi 4, itakuwa imefika zaidi ya 8.3. Pima pH kwenye joto utakalofanyia kazi, au walau nyuzi 25, kila mara.

Kuziba, kuzimua, kuloweka

Ziba utando kwa saa moja kwenye maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 5 kwa mililita 100 za TBST. Pakiti za maziwa ya chai zilizojaa madukani zina mafuta. Hayo huacha ukungu kwenye utando. Kama unatafuta protini zilizofungwa fosfeti, acha maziwa na tumia albumini ya ng'ombe, kwa sababu kaseini ya maziwa yenyewe ina fosfeti na inaweza kukuchafulia picha.

Namba ya kuzimua iliyo kwenye karatasi ni mahali pa kuanzia tu. Kata utando wenye sampuli ile ile vipande vinne, uviloweke kwenye 1:500, 1:1,000, 1:2,000 na 1:5,000, vyote siku moja na kwa kingamwili ya pili ile ile. Chagua kile chenye mstari ulio wazi juu ya utando safi, hata kama kuna kingine chenye mstari mweusi zaidi. Kwa polikloni, ukiongeza kingamwili kupita kiasi unawaamsha wale wachache wasiokuhusu, na mistari ya ziada hujitokeza. Mara nyingi nimeona watu wakiongeza dozi ili kuokoa jaribio, na kuzimua zaidi ndiko kulikohitajika. Kwa bajeti zetu hiyo ni habari njema.

Ulaze utando kwenye kingamwili ya kwanza usiku kucha nyuzi 4, ukitikiswa polepole. Kama mashine ya kutikisa haiingii kwenye friji, tumia mfuko wa plastiki uliozibwa kwa joto, toa mapovu yote, na mililita 3 zitatosha kuufunika utando. Asubuhi suuza kwa TBST mara tatu, dakika 10 kila mara, kwa bafa mpya na ya kutosha. Kisha kingamwili ya pili yenye HRP, kati ya 1:5,000 na 1:20,000, saa moja. Suuza tena mara tatu. Weka kemikali ya mwanga kwa dakika moja hadi tano kulingana na aina, na upige picha kwa muda mfupi kwanza, halafu mrefu.

Utando usikauke hata mara moja kati ya hatua hizi. Chini ya feni ya dari hukauka pembezoni wakati unaongea na simu.

Kontroli

Mstari kwenye picha haujathibitisha kitu mpaka kontroli ziseme. Weka sampuli unayojua ina protini hiyo, na nyingine unayojua haina. Weka kipande cha utando kisichopata kingamwili ya kwanza. Mistari ikitokea hapo, mkosaji ni ya pili. Weka lada ya ukubwa (protini za ukubwa unaojulikana), na protini ya kulinganishia kama GAPDH yenye kilodaltoni (kipimo cha ukubwa wa protini) 37 hivi au aktini yenye 42, mradi isigongane na ukubwa wa yako.

Kwa polikloni naongeza moja: kama kampuni inauza kipande cha antijeni kilichotumika kumchoma sungura, changanya kingamwili na kipande hicho kwa wingi wa mara 5 hadi 10 kwa uzito, uache kwa muda, kisha utumie kwenye utando wa pili. Mstari wa kweli utafifia au kupotea. Hata hivyo usiuchukulie kama ushahidi kamili, kwa kuwa hata mistari isiyo ya kweli inaweza kupotea kwa njia hiyo. Sampuli ambayo jeni ya protini hiyo imeondolewa ni ushahidi wenye nguvu zaidi.

Picha ikiharibika

Hakuna mstari wowote: angalia Ponceau, angalia kama ya pili inalenga mnyama sahihi, angalia kama kuna azidi imeingia kwenye HRP. Jaribu kudondosha tone la kingamwili ya kwanza kwenye kipande cha utando mkavu, uzibe, uweke ya pili na kemikali ya mwanga. Kikitoa mwanga, mfumo wa pili ni mzima na tatizo liko kabla yake.

Utando wote mweusi: punguza kingamwili, ya pili hasa, ongeza muda wa kusuuza. Madoa kama pilipili manga: chuja maziwa na uizungushe kingamwili kwenye sentrifuji dakika chache, uchukue ya juu. Mstari mweupe katikati ya weusi maana yake HRP imejaa mno hapo ikamaliza kemikali yote kabla hujapiga picha, zimua zaidi. Mistari ya ziada inaweza kuwa protini yako iliyokatika au kuongezewa sukari, au inaweza kuwa ya uongo, na kontroli ndizo zitakazotenganisha. Kama ulivuta protini kwa kingamwili ya sungura kabla ya bloti, mistari ya kilodaltoni 50 na 25 ni minyororo ya kingamwili hiyo yenyewe.

Kutumia tena na kuweka hesabu

Kingamwili ya kwanza iliyozimuliwa kwenye albumini yenye azidi asilimia 0.02 inaweza kukaa nyuzi 4 na kutumika tena mara kadhaa, mradi kila mara uandike ni mara ya ngapi na utupe ikianza kuwa na ukungu au mstari kufifia. Iliyozimuliwa kwenye maziwa, mimi hutupa siku inayofuata. Ya pili yenye HRP haitumiki tena.

Bandika karatasi kwenye kasha: tyubu ngapi zimebaki, nani amechukua, lini. Zikibaki tatu, agiza mpya, na ikiwezekana agiza vichupa viwili vya toleo moja kama utafiti wako bado una mwaka mbele. Tyubu moja ya toleo la zamani iweke akiba, usiitumie kabla ya kupata toleo jipya. Siku kichupa kipya kinapofika, iyeyushe hiyo, kata utando mmoja wenye sampuli zile zile nusu mbili, kingamwili ya zamani huku na mpya kule, na uhifadhi picha hiyo kwenye daftari pamoja na namba zote mbili za toleo.